Kwa nini "sin" si "-ji-": kujipenda na kupendana katika Kiesperanto

Swali la msomaji:

"Ninajifunza Kiesperanto, ile lugha ya kubuni, peke yangu, na nilikuwa naendelea vizuri mpaka nilipofika kwenye si na sia. Niliandika Mi lavas sin nikitaka kusema najiosha, nikasahihishwa. Niliandika Ili amas sin nikitaka kusema wanapendana, nikaambiwa nimesema wanajipenda. Na sia ndiyo imenishinda kabisa. Kila nikidhani nimeielewa, natiwa alama nyekundu. Lugha hii inasifiwa kuwa rahisi. Mbona basi haina kiambishi kimoja cha kujitenda na kingine cha kutendana, kama tulivyo navyo sisi? Nimeambatisha kifungu kifupi nilichoandika, naomba unisahihishie."

Jibu:

Ndugu msomaji, makosa yako yote yana mzizi mmoja. Umeichukua sin ukaiketisha pale inapokaa -ji- yetu, na vitu hivi viwili si vya jamii moja. Kiambishi -ji- ni sehemu ya kitenzi. Sin ni kiwakilishi cha nafsi, ndugu wa li (yeye mwanamume), ŝi (yeye mwanamke) na ili (wao), chenye -n ya yambwa mwishoni kama viwakilishi vingine vyote. Na kiwakilishi hiki kina nafsi moja tu, nayo ni ya tatu.

Tazama tunavyosema: najiosha, unajiosha, anajiosha, tunajiosha, mnajiosha, wanajiosha. Kila kitu kinabadilika isipokuwa -ji-. Inaweza kubaki hivyo kwa sababu kiambishi cha kiima kilicho mbele yake kimeshatuambia ni nani anayeosha. Kitenzi cha Kiesperanto hakibebi nafsi. Ni lavas kwa mimi, lavas kwa wewe, lavas kwa wao. Nafsi yote imo katika viwakilishi, na kwa hiyo viwakilishi ndivyo vinavyobadilika:

Mi lavas min. Vi lavas vin. Ni lavas nin.
Li lavas sin. Ŝi lavas sin. La kato lavas sin. Ili lavas sin. Oni lavas sin.

Ukijiuliza kwa nini nafsi ya kwanza na ya pili hazikupewa sin, jibu ni kwamba hazina shida nayo. Nikisema mi kisha nikasema min, katika sentensi hiyo hakuna mimi mwingine. Nafsi ya tatu ndiyo yenye watu wengi. Li lavas lin ni sentensi sahihi kabisa, ila maana yake ni kwamba mwanamume mmoja anamwosha mwanamume mwingine. Sin imewekwa hapo kuzuia mkanganyiko huo, na pasipo na mkanganyiko haihitajiki. Hata katika amri, ambapo kiima hakitajwi, utasema Lavu vin! kwa sababu anayeamriwa ni vi.

L. L. Zamenhof, aliyeitoa lugha hii Warsaw mwaka 1887, alikijua Kirusi na Kipolandi vizuri, na lugha hizo zina neno moja la kujirejelea kwa nafsi zote, kama -ji- yetu. Hakulifuata. Alifuata njia ya Kilatini, Kijerumani na Kifaransa, na si ikaingia katika orodha ya viwakilishi iliyomo kwenye kanuni ya 5 kati ya zile 16 za Fundamento, msingi wa lugha uliokubaliwa kutoguswa katika kongamano la Boulogne-sur-Mer mwaka 1905. Ndiyo maana wanafunzi wanaotoka kwenye Kirusi nao huandika Mi lavas sin, kosa lilelile ulilolifanya wewe, kwa sababu ileile.

Kabla ya kuiacha sin, angalia jambo moja ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu havikuambii, kwa kuwa haliwahusu. Sisi tuna kujinunua na kujinunulia, kupika na kujipikia. Ile -i- au -e- ya kauli ya kutendea inaonyesha kwamba anayerudiwa ni yambwa tendewa, yaani yule aliyefanyiwa, si kitu chenyewe kilichotendwa. Kiesperanto hakina kauli ya kutendea. Kazi hiyo hufanywa na kihusishi, na baada ya kihusishi cha namna hiyo -n huondoka. Alijinunulia kofia ni Li aĉetis al si ĉapelon. Anajipikia ni Ŝi kuiras por si. Ukiandika Li aĉetis sin, umesema alijinunua mwenyewe, kama mtumwa anayelipia uhuru wake. Basi ukiisikia -i- au -e- ya kutendea katika sentensi yako ya Kiswahili, tafuta al au por kabla hujaandika si. Sikio la kusikia hilo unalo tayari.

Sasa sia, yaani si iliyogeuzwa kuwa neno la umiliki kama -ake yetu, ambako nadhani tunapaswa kukaa kidogo.

Kiswahili kinasema Petro alimwona ndugu yake, na msikilizaji anabaki kukisia kama ni ndugu wa Petro au wa mtu mwingine aliyetajwa kabla. Tukibanwa tunaongeza "mwenyewe". Kiesperanto hakikuruhusu ukisie:

Petro vidis sian fraton. Alimwona ndugu yake mwenyewe.
Petro vidis lian fraton. Alimwona ndugu wa mwanamume mwingine.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, maana mazoea ya lugha yetu hayatudai kuchagua. Sentensi ya pili haitatiwa alama nyekundu, kwa kuwa si kosa la sarufi. Ni habari tofauti. Ukiandika Petro kisis lian edzinon ukidhani umesema Petro alimbusu mkewe, umesema alimbusu mke wa mtu mwingine, na msomaji wako ataamini ulichoandika.

Kanuni inayoendesha sia ni fupi: tafuta kitenzi, tafuta kiima cha kitenzi hicho, kisha uulize kama mwenye mali ni kiima hicho cha nafsi ya tatu. Kama ndiye, tumia sia. Kama siye, tumia lia (-ake ya mwanamume), ŝia (ya mwanamke), ĝia (ya kitu, mnyama au mtoto) au ilia (-ao). Ugumu uko katika kukitambua kiima, na hapo kuna mitego mitatu ambayo kila mwanafunzi huipitia.

Wa kwanza ni wa kuitia sia ndani ya kiima chenyewe. Petro kaj lia frato venis, Petro na ndugu yake walikuja. Hapa hakuna sian wala sia hata kama ndugu ni wa Petro bila shaka, kwa sababu kiima cha venis ni wote wawili kwa pamoja, na sia haiwezi kurejelea kiima kizima huku imekaa ndani yake. Sia huishi nje ya kiima, upande wa yambwa au wa kihusishi. Mtego huu unawanasa hata watu waliokwisha kuzoea lugha, hasa sentensi inapokuwa ndefu na lile jina la pili likawa mbali na la kwanza.

Wa pili ni wa kishazi tegemezi. Petro diris, ke lia frato malsanas, Petro alisema kwamba ndugu yake anaumwa. Baada ya ke umeingia kwenye kishazi kingine chenye kiima chake, nacho ni frato, kwa hiyo Petro hana nguvu tena ndani yake. Fundamento ina mfano mmoja unaofundisha jambo hili kuliko maelezo ya kurasa mbili: La infano serĉis sian pupon, mi montris al la infano, kie kuŝas ĝia pupo. Mtoto alikuwa akimtafuta mwanasesere wake, nami nikamwonyesha mtoto mahali alipolala mwanasesere wake. Mtoto ni yuleyule na mwanasesere ni yuleyule, lakini mara ya kwanza ni sian kwa kuwa mtoto ndiye kiima cha serĉis, na mara ya pili ni ĝia kwa kuwa kiima cha kuŝas ni mwanasesere mwenyewe. Uandike mfano huo mahali utakapouona kila siku.

Wa tatu ni wa kitenzi-jina, ile sura inayoishia na -i. La patrino petis la filinon kombi sin. Ni nani anayechanwa nywele? Kombi haina kiima kilichoandikwa, lakini ina mtendaji anayeeleweka, naye ni binti, kwa kuwa ndiye aliyeombwa achane. Kwa hiyo sin ni binti: mama alimwomba binti ajichane. Ukitaka binti amchane mama, andika kombi ŝin. Wengi hufuata kiima kikuu, yaani mama, wakapotea. Fuata yule atakayeifanya ile kazi.

Kuna mambo mawili madogo. Sia hupatana na kitu kinachomilikiwa, kwa idadi na kwa -n, wala haijali wamiliki ni wangapi: vitabu vyake na vitabu vyao, vyote ni siajn librojn mradi mwenye navyo ni kiima. Na nafsi ya kwanza na ya pili hazina sia kama zisivyo na sin: Mi prenis mian libron, basi.

Tuje kwenye kutendana, ambako swali lako la "kwa nini" lina uzito zaidi.

Kiswahili kina nafasi mbili tofauti ndani ya kitenzi. -ji- hukaa mbele ya mzizi, pale anapokaa mtendwa, ndiyo maana huwezi kusema nimejimpiga. -an- hukaa nyuma ya mzizi, kwenye mnyambuliko. Hazigombani, na maana zake hazichanganyiki hata kidogo: walijipiga, walipigana. Lugha nyingi za Ulaya hazina mpaka huo. Mjerumani akisema sie lieben sich, au Mfaransa ils s'aiment, huweza kumaanisha wanajipenda au wanapendana, na muktadha ndio unaoamua. Kiesperanto kilizaliwa katikati ya lugha hizo. Kwa hiyo utakutana na waandishi, hasa wa zamani, wanaotumia sin ya wingi kwa maana ya kutendana na wasomaji wao wakaelewa. Nakushauri usiwaige. Aliyekusahihisha Ili amas sin alikutendea haki, kwa sababu maana ya kwanza inayomjia msomaji ni kila mmoja kujipenda nafsi yake. Ziweke sentensi hizi tatu pamoja uone zilivyotengana:

Ili batis sin. Walijipiga.
Ili batis ilin. Waliwapiga wale wengine.
Ili batis unu la alian. Walipigana.

Unu la alian ndiyo njia kuu ya kutendana, na ndiyo ninayotaka uizoee kabla ya nyingine. Ndani yake mna sentensi nzima iliyofupishwa: mmoja alimpiga mwenzake. Unu ni upande wa kiima, kwa hiyo haina -n. Alian ni upande wa yambwa, kwa hiyo inayo. Ukilielewa hilo, hutababaika pale kihusishi kinapoingia, kwa kuwa kihusishi humhusu yule wa pili peke yake na hukaa katikati: unu al la alia, unu kun la alia, unu por la alia. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kukitanguliza, al unu la alia. Usilifanye.

Na ile -i- ya kutendea niliyoitaja juu inakusaidia tena hapa. Wanapendana, ili amas unu la alian. Wanaogopana, ili timas unu la alian. Lakini wanaandikiana, ili skribas unu al la alia. Wanapikiana, ili kuiras unu por la alia. Wanaombeana, ili preĝas unu por la alia. Kauli ya kutendea ikitangulia -na, kihusishi kinadaiwa. Kuna vitenzi vyenye mwisho wa namna hiyo tangu kwenye shina, ambavyo itabidi uvijue kimoja kimoja. Kutegemeana ni dependi unu de la alia, na kusaidiana ni helpi unu la alian ama unu al la alia, maana helpi hukubali yote mawili. Lakini kwa vitenzi vya kila siku, sikio lako litakuongoza vizuri kuliko kitabu cha sarufi.

Kuna jambo -na yetu inaloliweza ambalo unu la alian haliwezi. Tunasema Petro alipigana na Paulo, kiima ni mtu mmoja, na mwenzake anakuja baadaye kwa "na". Katika Kiesperanto unu la alian hudai kiima cha wingi. Huwezi kuandika Petro batis unu la alian kun Paŭlo. Ama uwaunganishe, Petro kaj Paŭlo batis unu la alian, ama utafute kitenzi kingine chenye kutendana ndani ya maana yake: Petro batalis kun Paŭlo.

Njia nyingine nazipitia upesi. Reciproke ni kielezi kinachoongezwa penye sin, nin au vin ili kuondoa shaka, Ili amas sin reciproke, na kinafaa zaidi katika maandishi rasmi kuliko katika mazungumzo. Inter si hutumika pale jambo linapofanyika ndani ya kundi: Ili parolis inter si, walizungumza wao kwa wao. Kumbuka nafsi: sisi tukizungumza ni inter ni, kamwe si inter si. Kisha kuna kiambishi inter- kinachobandikwa kwenye kitenzi, nacho ndicho kinachoikaribia -ana kwa sura: interparoli ni kuzungumza pamoja, interkonsenti ni kukubaliana, interŝanĝi ni kubadilishana. Hiki kinapendeza, na unaweza kushawishika kukibandika kila mahali kana kwamba umepata -ana yako. Nakuomba ujizuie kwanza. Inter- ina pia maana ya "baina ya", kama katika internacia, na kitenzi ulichokiunda mwenyewe kinaweza kusomwa vingine. Tumia vile vilivyozoeleka, na penye shaka rudi kwenye unu la alian.

Imebaki -iĝ-, ambayo hukuniuliza lakini itakukuta kesho. Mahali pake pa kwanza ni kauli yetu ya kutendeka: malfermi ni kufungua, malfermiĝi ni kufunguka, rompi ni kuvunja, rompiĝi ni kuvunjika. Mlango umefunguka ni La pordo malfermiĝis. La pordo malfermis sin inaufanya mlango uwe na nia yake. Kwa mtu anayetenda kwa kusudi, mimi hupendelea sin: kaŝi sin, kujificha, vesti sin, kujivika. Utayaona pia kaŝiĝi na vestiĝi, nayo si makosa. Ila ujue kutendeka kwetu kuna maana ya pili, ya uwezekano, kama barabara inapitika, na hiyo haiendi kwenye -iĝ- bali kwenye -ebl-: trairebla.

-iĝ- huingia pia katika kutendana. Renkonti ni kumkuta mtu, renkontiĝi ni kukutana, na hapa kile tulichokikosa kwenye unu la alian kinarudi, kwa maana Petro renkontiĝis kun Paŭlo ni sentensi safi. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ndoa. Kwa matumizi ya asili, edziĝi ni kuoa, edziniĝi ni kuolewa, na geedziĝi ni kuoana. Edz- ni mume, -in- humfanya mke, ge- huwaweka wote wawili pamoja, na -iĝ- husema wamekuwa hivyo. Lugha nyingi zina kitenzi kimoja kwa yote matatu. Mswahili hahitaji kufafanuliwa, tofauti hizo anazo kinywani tangu utotoni.

Lakini uwe macho na vitenzi vyetu ambamo -ji- na -na zimekwisha kuganda zikaacha maana zake za asili. Kujifunza ni lerni, bila sin. Kujitahidi ni klopodi. Kujigamba ni fanfaroni. Kujiunga ni aliĝi. Kujifungua, kwa maana ya kuzaa, ni naski, na ukiandika malfermi sin hakuna atakayejua kwamba mtoto amezaliwa. Upande wa -na, kugombana ni kvereli, kushindana ni konkuri, kufanana ni simili, na kujulikana ni esti konata, ambako wala hakuna watu wawili wa kutendana. Kwa upande mwingine kujisikia kunakwenda sawasawa na senti sin: najisikia mchovu ni Mi sentas min laca. Kabla ya kutafsiri -ji-, jiulize kama kweli kuna mtu anayejitenda. Kama hayupo, fungua kamusi.

Neno moja juu ya mem, maana wengi huidhani ndiyo -ji-. Mem ni "mwenyewe", ya kutilia mkazo tu. Li mem faris tion, alifanya mwenyewe. Li batis sin mem, alijipiga mwenyewe. Inaweza kuisindikiza sin, haiwezi kuchukua nafasi yake.

Umeuliza kwa nini wasiweke viambishi viwili wakamaliza. Zipo lugha za kubuni zilizofanya hivyo hasa. Kiklingoni, kilichobuniwa na Marc Okrand kwa ajili ya filamu na kuwekwa katika kamusi mwaka 1985, kina -'egh cha kujitenda na -chuq cha kutendana, vyote vikifuata mzizi wa kitenzi moja kwa moja. Neno jIqIp'egh ni najipiga, maqIpchuq ni tunapigana. Kiambishi cha mbele katika maneno hayo, jI- na ma-, ni kile kisicho na yambwa, na -chuq hudai kiima cha wingi. Mswahili akifika hapo anajikuta nyumbani, ingawa kwetu -ji- na -na zina nafasi mbili na kwao zinagombea nafasi moja. Kilojban, kilichoanza kujengwa mwaka 1987 juu ya misingi ya mantiki, kimekwenda njia nyingine. Mi prami mi ni najipenda, bila kiwakilishi maalumu, na kwa kutendana kina neno soi linalosema "na kinyume chake": mi prami do soi mi, nakupenda nawe vivyo hivyo.

Kwa maoni yangu Kiesperanto kingefaidika na kiambishi cha kutendana kisicho na maana mbili, na katika hili nakubaliana nawe kabisa. Lakini sioni hasara kubwa, na sia ambayo umeilalamikia naihesabu miongoni mwa mambo bora iliyonayo lugha hii. Ukiandika hadithi yenye wanaume wawili na mali zao, utaona inavyokuokolea sentensi.

Sasa kifungu chako. Umeandika:

Petro kaj sia amiko Paŭlo renkontis sin antaŭ la lernejo. Ili salutis sin kaj parolis al sin. Mi vidis ilin kaj kaŝis sin malantaŭ arbo. Petro aĉetis sin novan libron. Li donis sian malnovan libron al Paŭlo, kaj Paŭlo metis ĝin en lian sakon.

Sentensi ya kwanza ina mtego wa kiima, kwa hiyo lia amiko, na kukutana ni renkontiĝis. Ya pili: walisalimiana, salutis unu la alian, wakazungumza, parolis inter si; na popote pale, al haifuatwi na sin yenye -n. Ya tatu, aliyejificha ni wewe, basi kaŝis min. Ya nne ni alijinunulia, aĉetis al si. Katika ya tano, sian malnovan libron umeipata sawa, kiima ni li na kitabu ni chake. Kifungu kinakuwa hivi:

Petro kaj lia amiko Paŭlo renkontiĝis antaŭ la lernejo. Ili salutis unu la alian kaj parolis inter si. Mi vidis ilin kaj kaŝis min malantaŭ arbo. Petro aĉetis al si novan libron. Li donis sian malnovan libron al Paŭlo, kaj Paŭlo metis ĝin en lian sakon.

Lian ya mwisho nimeiacha kama ulivyoiandika. Hapo kiima cha metis ni Paulo, kwa hiyo en sian sakon ni mfuko wa Paulo, na en lian sakon ni mfuko wa mwanamume mwingine, na aliye karibu ni Petro. Zote mbili ni sahihi kisarufi. Kama Paulo alikipokea kitabu akakitia kwenye mfuko wake mwenyewe, andika sian. Kama alikirudisha kwa siri kwenye mfuko wa Petro, iache ilivyo. Uliyekuwa nyuma ya mti ni wewe, kwa hiyo niandikie uniambie ulikuwa mfuko wa nani.